MTU AKIKONDA BILA SABABU
Kazi ya Picha za Hospitali, na Mipaka Yake



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo laweza kumpata mtu ye yote, wa mjini au wa shamba, kijana au mzee. Jambo lenyewe ni kukonda bila sababu inayojulikana, na namna picha zipigwazo hospitalini zinavyoweza kusaidia kuipata sababu hiyo. Yataelezwa vilevile mambo ambayo picha haziwezi kuyafanya, maana wako watu wanaoziogopa picha hizo, na wako wengine wanaozitumainia kupita kiasi. Makosa hayo mawili yote humchelewesha mgonjwa.

Kukonda peke yake si ugonjwa. Mtu aliyekusudia kupunguza mwili, au aliyeanza kulima shamba jipya kwa jembe tangu alfajiri, au mwanamke anyonyeshaye, aweza kupungua na afya yake ikawa njema. Tena katika mwaka wa ukame kijiji kizima hupungua, wala haihitajiwi mashine yo yote kuitafuta sababu. Linaloleta mashaka ni kupungua kwa mtu ambaye hakukusudia, ambaye chakula kipo nyumbani kwake, na kazi yake ni ile ile ya siku zote. Madaktari wameweka kipimo kilicho chepesi kukumbukwa: mtu akipoteza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake kwa muda wa miezi 6 mpaka 12, pasipo kukusudia, yafaa achunguzwe. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 amekifikia kipimo hicho; mtu wa kilo 80 hukifikia akipungua kilo 4.

MIZANI KWANZA

Mkulima wa Kericho ajua vizuri ni kilo ngapi za majani ya chai alizopeleka jana katika kituo cha kununulia, na mkulima wa Nyeri hukasirika mizani ya kiwanda cha kahawa ikimpunja hata nusu kilo. Mtoto mchanga naye hupelekwa kliniki, akapimwa, na uzito wake ukaandikwa katika kitabu. Lakini mtu mzima akiulizwa uzito wa mwili wake, mara nyingi hana jibu. Hujua kwamba amekonda siku ile jamaa waliokuja kwa arusi au kwa matanga wanapomtazama na kunyamaza.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kuutafuta ugonjwa si mashine ya fedha nyingi, bali ni mizani ya zahanati. Mtu apimwe, aandike uzito wake na tarehe katika daftari, kisha apimwe tena baada ya mwezi kwa mizani ile ile, akiwa amevua viatu na koti. Yule ambaye hana uzito wa zamani aweza kuleta ushahidi mwingine: tundu la mshipi alilokuwa akifungia mwaka jana, suruali iliyokuwa ikimbana na sasa yamvuka, au pete inayomtoka kidoleni wakati wa kunawa. Ushahidi huo ni wa kweli, na daktari mwenye busara huupokea.

Hapana budi kusema wazi kwa nini jambo hili lisiachwe. Mgonjwa ambaye hakuchunguzwa huwa mawindo ya maneno. Jirani mmoja atasema kwamba amerogwa. Mwingine atanong'ona kwamba ana UKIMWI, na kwa ajili ya mnong'ono huo mgonjwa atajifungia ndani, asiende po pote. Miezi hupita, na siku anapofika hospitalini huwa amebebwa. Ugonjwa ambao ungalitibika kwa vidonge katika mwezi wa pili, katika mwezi wa tisa umekwisha kula mapafu. Wazee walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hata ikiwa ni virusi vya UKIMWI vyenyewe, dawa zipo, na mtu anayezimeza kila siku huweza kuishi miaka mingi akifanya kazi yake na kulea watoto wake. Aibu imewaua watu ambao ugonjwa usingaliwaua.

MWANGA USIOONEKANA

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akijaribu kupitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Chupa hiyo ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kiling'aa gizani. Akatambua kwamba iko miali isiyoonekana kwa macho iliyokuwa ikipenya karatasi. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa jina la herufi X, ambayo katika hesabu hutumiwa kwa kitu kisichojulikana. Mwezi wa Desemba mwaka ule aliupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ya vidole ilionekana, na pete yake pamoja nayo. Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye alikuwa mtu wa kwanza kuipata.

Picha ya eksirei ni namna ya kivuli. Mtu akiuweka mkono mbele ya taa, kivuli cha mkono huanguka ukutani, kwa sababu mkono umeuzuia mwanga. Miali ya eksirei nayo hupenya mwili, lakini haipenyi kila mahali sawasawa. Hewa huiacha ipite. Nyama huizuia kidogo. Mfupa huizuia sana. Kwa hiyo katika picha mifupa huonekana myeupe, na mapafu, yaliyojaa hewa, huonekana meusi. Pafu likishikwa na ugonjwa, mahali palipokuwa na hewa hujaa maji au usaha au nyama ngumu, na katika picha hutokea wingu jeupe mahali palipotakiwa kuwa peusi.

Kupiga picha ya kifua hakuumizi. Mgonjwa husimama mbele ya kibao, huvuta pumzi na kuizuia, na kazi huwa imekwisha. Hakuna damu inayochukuliwa wala sindano inayochomwa. Lakini jambo moja lifahamike: picha si dawa. Wako watu waliopigwa picha wakadhani kwamba mashine imekwisha kuwatibu, wakaenda nyumbani wasirudi kusikia majibu. Mtu wa namna hiyo ni kama aliyepeleka kesi barazani, kisha akaondoka kabla ya hukumu kusomwa.

KIFUA KIKUU

Mtu akikonda bila sababu katika Kenya, uko ugonjwa mmoja ambao haufai kusahauliwa, nao ni kifua kikuu. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza katika mji wa Berlin kwamba amekipata kijidudu kinachouleta ugonjwa huu. Basi si laana, wala si ugonjwa wa ukoo. Dalili zake zajulikana: kikohozi kisichokwisha, homa ya jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda. Katika picha ya kifua mara nyingi huonekana mawingu katika sehemu za juu za mapafu, na pengine matundu ndani ya mawingu hayo.

Kazi ya picha katika ugonjwa huu ilionekana dhahiri katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016. Watu zaidi ya 63,000, wenye umri wa miaka 15 na zaidi, waliulizwa dalili zao na kupigwa picha ya kifua. Wale waliothibitishwa kuwa na kifua kikuu walikuwa 305. Wataalamu walipozichungua hesabu waliona kwamba, kama watu wangaliulizwa tu juu ya kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda, karibu wagonjwa 4 katika kila 10 wangaliachwa waende zao. Picha ya kifua ndiyo iliyowafichua. Watu hao walikuwa wakitembea sokoni na kulala katika chumba kimoja na watoto wao, wala hawakujua.

Ijapokuwa hivyo, picha haiwezi kukata shauri peke yake. Wingu jeupe laweza kuwa kifua kikuu. Laweza kuwa kichomi. Laweza kuwa saratani. Au laweza kuwa kovu la ugonjwa uliopona miaka ishirini iliyopita. Kwa hiyo mgonjwa hutakiwa kutoa makohozi, nayo hupimwa katika maabara. Mashine iitwayo GeneXpert huweza kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na pamoja na hayo huonyesha kama vijidudu vinashindana na rifampisini, ambayo ni dawa kubwa ya ugonjwa huu. Picha husema ugonjwa uko wapi. Maabara husema ni ugonjwa gani. Vitu hivyo viwili vikipatana, daktari hutoa dawa kwa moyo thabiti.

Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida ni ya miezi 6, na dawa hutolewa bure katika hospitali na zahanati za serikali. Watu wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu kubwa katika kuupata muda huo. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyotangazwa tangu mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi 6 yatosha dawa zikichanganywa vema. Wagonjwa wa nchi hizi walikubali kufuatwa na kupimwa mwezi kwa mwezi, na faida yake imewafikia watu wa ulimwengu mzima.

Siku hizi ziko mashine ndogo za eksirei zinazochukuliwa kwa gari mpaka sokoni au kanisani. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shauri kwamba programu za kompyuta zaweza kuisoma picha ya kifua ya mtu wa miaka 15 na zaidi, ili kuwachagua wale wanaopaswa kupimwa makohozi. Kompyuta hiyo haitoi hukumu. Kazi yake ni kama ya askari wa zamu alangoni: humwonyesha aliye ndani ni nani wa kuulizwa zaidi.

MWANGWI WA TUMBONI

Kifua kikiwa safi, uchunguzi huelekea tumboni. Huko eksirei ya kawaida haisaidii sana, kwa sababu ini, wengu, figo na matumbo yote ni nyama, na vivuli vyake hufanana. Hapo hutumiwa mashine ya altrasaundi. Mashine hii haitumii miali bali sauti, tena sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la mtu. Kama vile mtu apigaye ukelele bondeni asikiavyo mwangwi ukirudi kutoka mlimani, ndivyo mashine hii inavyopeleka sauti mwilini na kuupokea mwangwi wake, ikaugeuza kuwa picha. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, walitangaza kazi yao ya kwanza ya namna hii mwaka 1958.

Kwa kuwa akina mama wajawazito ndio wanaopelekwa sana katika mashine hiyo, wanaume wengine huiona si yao. Huweza kutokea mazungumzo kama haya:

"Bwana Daktari, mimi ni mzee wa wajukuu saba. Mashine hiyo ni ya akina mama."

"Mzee wangu, mashine haijui baba wala mama. Wewe umepungua kilo sita tangu mavuno, nami nataka kulitazama ini lako."

"Na ikiona kitu?"

"Ikiona kitu tutajua mahali pa kutafuta. Isipoona, tutakuwa tumeufunga mlango mmoja, tufungue mwingine."

Mzee yule alijibiwa vizuri. Altrasaundi yaweza kuonyesha uvimbe katika ini, maji yaliyojaa tumboni, figo zilizoziba, wengu uliokua, na tezi zilizovimba ndani ya tumbo, kama zinavyovimba katika kifua kikuu cha tumbo na katika saratani nyingine. Haina miali, haiumizi, na bei yake ni ndogo kuliko ya mashine kubwa. Lakini hewa huizuia. Matumbo yakijaa hewa, kongosho, ambalo limelala nyuma ya tumbo, huweza kufichika kabisa. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa aje kabla ya kula, afuate shauri hilo. Anayekunywa chai na mandazi njiani, akisema kwamba ni kidogo tu, huweza kurudishwa aje siku nyingine.

CHAKULA KINAPOKWAMA

Iko dalili moja ambayo mtu akondaye haifai kabisa kuingojea, nayo ni kukwama kwa chakula. Katika sehemu za magharibi za Bonde la Ufa saratani ya umio, yaani ya njia ipitishayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni, imeonekana kwa wingi, na Hospitali ya Tenwek huko Bomet imewatibu wagonjwa wake kwa miaka mingi. Ugonjwa huu huja polepole. Kwanza nyama hukwama, kisha ugali, baadaye hata uji hupita kwa shida. Mgonjwa huzoea. Huacha nyama, akasema meno yake ni mabovu. Huacha ugali, akasema haupendi tena. Jamaa waona tu kwamba anakonda.

Kwa mgonjwa wa namna hii yako majaribio mawili. La kwanza ni kunywa bariamu, kioevu cheupe kama chokaa ambacho miali ya eksirei haikipenyi. Mgonjwa akikimeza huku akipigwa picha, njia ya chakula huonekana yote, na mahali palipobanwa huonekana pia. La pili ni kumeza mpira mwembamba wenye kamera ndogo mwishoni. Kamera hiyo huonyesha uvimbe wenyewe, na kwa njia hiyo hiyo daktari huweza kuchukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Kipande hicho ndicho kinachokata shauri. Uvimbe uliopatikana mapema huweza kukatwa na mgonjwa akapona. Uliopatikana mgonjwa akiwa hawezi kumeza hata mate, mara nyingi tiba yake ni ya kumpa nafuu tu.

PICHA ZA VIPANDE

Iko mashine kubwa kuliko hizo, iitwayo mashine ya CT. Eksirei ya kawaida huviweka vivuli vyote vya mwili juu ya karatasi moja, cha mbele juu ya cha nyuma. Mashine ya CT huuzunguka mwili, ikipiga kutoka pande zote, kisha kompyuta hufanya hesabu na kuuonyesha mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa slesi. Hapo kongosho na tezi zilizojificha huweza kuonekana.

Mashine ya kwanza ilitengenezwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI, iliyojulikana zaidi kwa sahani za santuri. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, London. Mbele yake, hesabu za jambo hilo zilikuwa zimefanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye fikira hiyo ilimjia mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kazi ya miali katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Watu hao wawili walifanya kazi yao kila mmoja peke yake, nao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Mashine hii ina manufaa makubwa, lakini haifai kukimbiliwa kwanza, na sababu zake ni tatu. Sababu ya kwanza ni miali. Miali ya picha moja ya kifua ni sawa na ile ambayo mtu huipokea kutoka ardhini na angani kwa siku kumi hivi. Miali ya picha ya tumbo kwa mashine ya CT huweza kuwa sawa na ya miaka miwili au mitatu. Mgonjwa anayeihitaji asiiogope, lakini asiyeihitaji haifai kuipewa. Sababu ya pili ni dawa inayochomwa mshipani ili vitu vionekane vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhuriwa na dawa ya namna hiyo, hana budi kusema mapema. Sababu ya tatu ni gharama.

Mathalan, yuko mtu anayekonda, naye hunywa maji mengi na kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Akishauriwa na watu wa mtaani huuza mtamba wake, akaenda mjini kupigwa picha ya mwili mzima. Picha hutoka safi. Hurudi nyumbani amefurahi, na huku ugonjwa wa sukari unazidi kumla. Tone moja la damu ya kidole, pale pale katika zahanati ya kwao, lingalisema yote.

Ndivyo ilivyo kwa magonjwa mengi yasiyo na kivuli. Ugonjwa wa sukari hutafutwa kwa damu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo humkondesha mtu ijapokuwa anakula sana, hutafutwa kwa damu. Virusi vya UKIMWI hutafutwa kwa damu. Huzuni kubwa ya mtu aliyefiwa au aliyepoteza kazi, ambayo humwondolea hamu ya chakula, haionekani kwa mashine yo yote. Hupatikana kwa mtu kukaa chini na kumsikiliza. Na mzee asiye na meno huonekana sababu yake akiambiwa afungue kinywa.

PICHA ISIPOONYESHA KITU

Wagonjwa wengi huogopa kwamba picha itaonyesha jambo baya. Wengine, picha isipoonyesha kitu, huhuzunika zaidi, wakasema madaktari wameshindwa. Kuhusu jambo hili uko uchunguzi wa madaktari wa Leuven, Ubelgiji, uliotangazwa mwaka 2008. Waliwafuata wagonjwa 101 waliokonda bila kukusudia. Kila mmoja alianza kwa mambo ya kawaida: kuulizwa, kupimwa mwili na damu, picha ya kifua na altrasaundi ya tumbo. Mwishowe 22 walikutwa na saratani. Na katika hao 22 hapakuwa na hata mmoja ambaye uchunguzi wake wa kwanza ulikuwa safi kabisa. Wagonjwa 28 hawakupatikana na sababu yo yote.

Wagonjwa hao hawakuwa wengi, na magonjwa ya Ubelgiji si yote sawa na ya Kenya, ambako kifua kikuu bado ni kingi. Lakini mafundisho yake ni mema. Uchunguzi wa kwanza, unaoweza kufanyika bila ya safari ndefu, ukifanywa kwa uangalifu, huonyesha mambo makubwa. Na ukiwa safi, mgonjwa ana sababu ya kutumaini. Haina maana kwamba asahau. Maana yake ni kwamba apimwe uzito kila mwezi, na arudi kwa daktari baada ya miezi 3, na tena baada ya miezi 6. Kama uzito unarudi, vema. Kama unazidi kushuka, uchunguzi uanze upya, na pengine hapo ndipo picha ya CT inapotakiwa.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa kumalizia, haya ndiyo yanayofaa kukumbukwa na kila mtu, na kuelezwa kwa wale ambao hawakusikia.

Kwanza, kila mtu mzima aujue uzito wake na kuuandika, hata akiwa mzima wa afya.

Pili, aliyepungua sehemu 5 katika 100 bila kukusudia asingoje kukohoa damu wala kushindwa kutembea. Aende zahanati ya karibu, aeleze tangu lini, na pamoja na dalili gani. Anayekohoa kwa muda mrefu, au ambaye chakula chamkwama, aende juma hili hili.

Tatu, akubali kupimwa damu na makohozi kabla ya kudai picha kubwa. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani kwamba ana mimba, amwambie fundi wa eksirei kabla ya kupigwa picha.

Nne, akipigwa picha angoje majibu, aulize maana yake, na kuiweka picha mahali pakavu nyumbani pamoja na karatasi ya majibu. Picha ya zamani ni mali. Daktari akiona wingu katika pafu leo, na picha ya miaka mitano iliyopita ikaonyesha wingu lile lile, atajua kwamba ni kovu, na mgonjwa ataepushwa na majaribio mengi.

Tano, jamaa na majirani wauzuie ulimi. Mtu aliyekonda asiulizwe amekosana na nani, bali aulizwe amepimwa lini. Na kama hana nauli ya kufika hospitalini, hilo ndilo jambo ambalo kikundi cha akina mama, au kanisa, au msikiti, au jamaa zake wenyewe waweza kulitengeneza kabla jua halijatua.